Tangi Jipya la Baba Mkwe

Mshonaji hakukusudia kusikiliza, ila abiria wawili waliokaa mbele yake kwenye basi hawakuwa watu wa kunong'ona. Mwanamke alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti jinsi tangi la presha la kisima cha wakwe zake lilivyokufa. Ukifungua bomba, pampu inawaka, inazima, inawaka tena. Zamani baba mkwe ndiye aliyekuwa fundi wa nyumba, lakini kiharusi kilimnyang'anya mkono na ulimi.

"Si mngeita fundi tu?" mwanamume akauliza.

"Mama mkwe alikataa. Akanunua tangi jipya, akamketisha baba kando ya kisima, akazima umeme, akamwaga maji ya tangi la zamani, akashika spana. Kila nati anamtazama kwanza. Baba akitikisa kichwa kukataa, anaacha, akikiinamisha kukubali, anakaza. Hata upepo wa tangi aliujaza kwa pampu ya baiskeli. Maji yalipotoka bila kukatikakatika, baba alicheka, mara ya kwanza tangu augue."

"Basi mama yenu ni fundi hasa."

"Fundi ni baba. Mama alimwazima mikono."

"Dada yangu, aliyeshika spana ni nani?"

Basi likasimama, wakashuka huku wakibishana. Mshonaji alikuwa na jibu lake tayari, lakini nani atamwuliza mtu wa kiti cha nyuma?