Historia ya Zablon Mseti na Taa Aliyoiziba

Mchungaji, wazee wa ukoo, mama zetu, wana rika la marehemu, majirani wa hapa Nyamwaga na ninyi mliotoka Tarime mjini, Sirari na Mugumu, wakubwa shikamooni, na wote poleni. Mimi ni Felix Mseti, mdogo wake marehemu, kazi yangu ni kubadilisha fedha pale mpakani, nimeteuliwa na familia kusoma historia hii, ingawa tangu juzi kichwa changu kimevurugika, kwa sababu kila nikifika kwenye mstari wa chanzo cha kifo naufuta. Mnajua kwa nini naufuta, maana yupo mtu amekaa nje ya uzio juu ya pikipiki yake, amenyimwa hata jembe la kuchimbia kaburi la rafiki yake, na anangoja kusikia mstari huo nitausomaje.

Marehemu Zablon Mseti Nyamhanga alizaliwa hapa kijijini tarehe 9 Juni 1983, hivyo ndivyo inavyosema kadi ya ubatizo, lakini mama yetu Agustina anasema haiwezekani, mwaka huo alikuwa tayari anafukuza kuku, na baba mkubwa Nashoni naye ana mwaka wake wa tatu, basi nimesoma wa kadi, asiyeridhika tutaonana baada ya mazishi. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1991 hadi 1997, akamaliza kidato cha nne Tarime mjini mwaka 2001, na hadi leo hatujui alifauluje, kwa sababu kila jioni alikuwa chini ya lori la mtu fulani, miguu tu ndiyo inaonekana.

Mwaka 2002 alikwenda Mwanza kujifunza ufundi wa magari, akarudi 2007, na mwaka 2011 akafungua gereji Bomani pamoja na Lukmani Yassini, mwenyeji wa Mugumu kule Serengeti, mmoja Mkristo, mwenzake Mwislamu, na wakati wa Ramadhani marehemu alikuwa anakula chapati zake amejificha nyuma ya Fuso kwa aibu. Magari ya kompyuta yalipozidi wakanunua mashine ya kuyapima, ile ambayo taa ya cheki injini ikiwaka unaichomeka chini ya usukani, inakupa namba ya ubaya. Wapo madereva hapa wanaochomoa waya wa betri ili taa izime, wakafika gereji wanajisifu kuwa gari limepona, hao aliwasema mpaka wakatamani kurudi kwa miguu. Namba yenyewe hakuiamini upesi, alikuwa akituambia hata mezani, "Namba haikuambii nani mgonjwa, inakuambia nani amelalamika." Mwalimu mmoja alibadilishiwa sensa mara mbili kwingine, yaani kile kidude kinachonusa moshi kwenye ekzosi, kisa namba imekitaja, kumbe panya alikuwa ametafuna mpira wa kuingizia hewa, na sensa masikini ilikuwa inasema ukweli.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na shemeji yetu Veronika, ambaye baba yake alitengenezewa trekta bure miezi mitatu, tukadhani mahari itapungua, mzee akashukuru sana kwa trekta halafu akadai ng'ombe wake wote. Mungu aliwajalia watoto watatu, Irine aliyezaliwa 2009, Steven 2013, na Gati 2018, ambaye bado anauliza baba atatoka lini hospitali.

Kuhusu ugonjwa, hapo ndipo tunapochanganyikiwa. Tangu Desemba marehemu alilalamika kichwa na kizunguzungu, akapimwa malaria haipo, akapimwa presha iko sawa, akanywa dawa za vidonda vya tumbo ambavyo hakuna aliyeviona, na jambo la ajabu, kila Jumapili alikuwa mzima anaimba kanisani, Jumatatu akipanda gari lake kwenda kazini anarudi ameshika kichwa. Ijumaa tarehe 14 Machi 2025 alikwenda Nyamongo na gari lake aina ya Noah kutengeneza gari la mteja, Lukmani akamfuata kwa pikipiki, mchana wakala ugali na samaki sahani moja, Lukmani akabaki kumalizia kazi, marehemu akaanza kurudi. Mvua ikanyesha, lori likakwama mlimani likafunga njia, naye akafunga vioo, akaacha injini inaunguruma, akangoja. Lori lilipotolewa watu walimpigia honi hakusogea, wakamkuta amelegea, wakamkimbiza hospitali, na Jumapili tarehe 16 Machi saa nne asubuhi akafariki. Daktari alituambia ni hewa ya moshi wa gari imeingia kwenye damu. Sisi tukauliza moshi upi, mbona aliyefungua mlango hakuuona, na kabla daktari hajamaliza kujibu maneno yalikuwa yameshafika kijijini, kwamba walikula wawili, akafa mmoja, na yule wa pili kwa nini hakupanda gari.

Jana asubuhi Lukmani alikuja mwenyewe na mashine yake, mbele ya wazee, vijana wakiwa wamekunja mikono, akaomba apime lile Noah kabla hajapimwa yeye. Kitu cha kwanza tulichokiona ni kipande cha tepu nyeusi kwenye dashibodi, kimeziba taa ya cheki injini, na aliyekibandika ni marehemu mwenyewe. Mwaka jana alikata masega ya ekzosi, yale yanayochuja moshi, ili gari lipande milima, akachomelea bomba tupu, taa ikawaka kulalamikia masega, naye kwa kuwa aliijua sababu akaiziba. Mashine ikatoa namba mbili. Ya kwanza ni hiyo ya masega, ya pili ilikuwa mpya, inasema hewa ni nyingi na petroli ni kidogo, na hiyo marehemu hakuiona kamwe, kwa sababu taa ni moja na alikuwa ameshaifunika.

Baba mkubwa Nashoni akauliza, kama petroli ni kidogo moshi wa kuua mtu umetoka wapi, na mimi nilikuwa upande wake. Lukmani akaeleza kwamba bomba limepata ufa, ufa unavuta hewa ya nje, sensa ikiinusa inadhani petroli imepungua, kompyuta inaongeza petroli, moshi unakuwa na sumu zaidi, sumu isiyoonekana wala kunukia, na sehemu yake inatokea kwenye ufa uleule, chini ya kiti cha dereva. Sikuelewa vizuri, na leo bado sijaelewa vizuri. Lakini alipowasha injini na kuziba mdomo wa ekzosi kwa gunia bichi, sote tulisikia bomba linafoka chini ya kiti, akainua kapeti, masizi meusi hadi kwenye mpira wa gia. Baba mkubwa alipitisha kidole, akasema, "Kumbe mwanangu aliumwa na gari yake." Mganga hajigangi, sawa, lakini mtu aliyewasema wote kwa kuchomoa waya wa betri, tepu aliibandika kwa akili gani, kaka, hilo nitakuuliza siku tukionana.

Hata baada ya hayo familia iliogopa aibu ya ile tepu, ikanipa mstari usemao marehemu alifariki ghafla kwa sababu zisizofahamika. Siusomi. Nasoma huu, kwamba Zablon Mseti aliuawa na moshi wa gari lake mwenyewe, wala hakuna mkono wa mtu, na atakayemnyooshea Lukmani kidole anaisoma namba bila kufungua boneti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku mbili, wale waliomtoa garini wakilowa mvua, majirani kwa kuni, maji na kukesha nasi, mchungaji, na mafundi wote wa Bomani mliofunga gereji zenu. Na wewe Lukmani Yassini, mwenzake wa miaka kumi na minne, shuka kwenye pikipiki, ingia ndani ya uzio, mbele ya jeneza upande wa kulia ni pako, na vijana wakupishe.

Zablon, mura, kijana wetu wa Kikurya, pumzika kwa amani, taa yako tumeiona.