Kikaushio cha Ghorofa ya Pili

Katika basi la asubuhi, bibi mmoja aliyekuwa akienda kliniki alikaa nyuma ya mhadhiri na mfagizi wa chuo kimoja, ambao hawakuwa wakijuana. Mhadhiri alikuwa na fomu ya tuzo ya utafiti unaowafaa watu. Ilitaka saini ya mtu mmoja tu anayekitumia kikaushio chake cha mahindi, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

"Miaka minne, mama, na sijampata hata mmoja," mhadhiri alimwambia mfagizi.

"Kile cha ghorofa ya pili? Mbona mimi nakitumia kila alfajiri. Nakaushia matambara ya kudekia."

"Matambara?"

"Mahindi sijayaona humo, mwanangu. Na mlango wake ulikuwa haufungiki, nikaubana kwa kipande cha ndala mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu ndipo vipimo vyangu vilipokubali," mhadhiri alisema taratibu.

"Basi lete nikutilie saini, usije ukakosa zawadi yako."

Bibi akamwombea yule mama heri kimoyomoyo.

"Na hapa penye matumizi niandike nini?" mhadhiri aliuliza.

"Andika yanakauka vizuri sana."

Basi likasimama langoni pa chuo. Mfagizi akatangulia kushuka, akamshikia mlango. Mhadhiri alikuwa bado ameinua kalamu.