Siku Gari la Kimya Lilipomgomea Mbele ya Mama Mkwe

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la matairi, jiko langu la mkaa, birika, na vikombe ambavyo kila siku navisuuza mimi na hakuna anayeshukuru. Mimi ndiye mwenye kahawa. Wanaokaa hapo ni walewale. Kuna Dizeli, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukamkatalia. Kuna Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote. Alikuwa tarishi ofisini na mpaka leo anaongea kana kwamba kila faili alilobeba alilisoma. Kuna Vocha, dada anayeuza laini za simu na bando kwenye meza ya pembeni, mtetezi wa kila kitu chenye kioo. Na kuna Kimya. Jina hilo tulimpa alipouza pikapu na kununua gari la umeme, la mtumba, lisilo na sauti hata ya kumshtua kuku. Mkewe, anayekodisha viti na maturubai kwa shughuli za watu, alipoliona alifungasha akarudi kwa mama yake, maana viti vilikuwa vikibebwa na ile pikapu.

Mama mkwe alikuwa amekubali kuja kuona kwa macho yake hiyo nyumba na hilo gari, ndipo atoe neno kama binti arudi au asirudi. Kimya akatuomba: nitapita naye kijiweni, nitasimama kidogo, nyinyi mnipigie debe. Tukakubali wote. Kumsifu mtu mbele ya mkwewe tuliona ni kazi nyepesi.

Alasiri akasimama kweli mbele ya benchi. Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, dirisha limeshushwa nusu. Kimya hajazima gari, kile kioo cha kubonyeza kando ya usukani kikaleta maneno marefu na vitufe viwili. Siku nyingine angesoma. Lakini mkwe akikukodolea macho kisogoni husomi, unabonyeza tu uonekane mjuzi. Akabonyeza Ndiyo. Kioo kikawa cheusi, kikatoa kiduara kinachozunguka, na gari likafa palepale.

Vocha: Halijafa. Linafanya apdeti.

Kimya: Apdeti ya nini? Mimi sijaiomba.

Vocha: Si umebonyeza Ndiyo, kaka.

Kimya: Nilibonyeza ili maneno yaondoke.

Dizeli: Lori langu halikuwahi kuniuliza swali hata siku moja. Likigoma nashuka, nalipiga nyundo mahali panapohusika, tunaelewana.

Waziri: Ndiyo maana lilikufa.

Dizeli: Lilikufa kwa uzee. Hili linakufa likiwa na afya yake.

Kimya akakohoa na kutuonyesha kwa jicho kule nyuma. Vocha akasogea dirishani kwa adabu.

Vocha: Shikamoo mama. Karibu ushuke upumzike, hapa pana kivuli.

Mama Mkwe: Marahaba, mwanangu. Nikishuka nitaambiwa nimefika, na mimi sijafika. Nyinyi endeleeni na mazungumzo yenu.

Waziri akajinyoosha shati, maana yeye ndiye tuliyemchagua aanze.

Waziri: Mama, huyu mkweo ni mtu wa maendeleo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Dizeli: Hili halijitembezi.

Waziri: Basi ni zuri.

Kimya alifumba macho. Akaja kukaa ncha ya benchi, nikampa kikombe, akakishika tu.

Kimya: Gari ni langu. Nimelinunua mimi, kwa jasho langu. Nani kawapa hao waliolitengeneza ruhusa ya kulizima nikiwa njiani?

Vocha: Gari ni lako. Akili iliyomo ndani ndiyo si yako.

Kimya: Kwa hiyo nilinunua nini?

Vocha: Ulinunua kuku. Mayai bado ni ya mwenye banda. Si wewe ulituambia kiti kina kipasha joto, ila wamekifunga mpaka ukilipie kila mwezi?

Dizeli: Kipasha joto cha nini?

Vocha: Cha kiti.

Dizeli: Na jua hili? Mtu alipie apashwe joto, halafu alipie tena apulizwe baridi?

Waziri: Dada Vocha naye anyamaze. Si yeye alinunua nyimbo kwenye simu mwaka juzi, kampuni ikafunga duka, nyimbo zikaenda nayo? Alilia hapahapa.

Vocha: Sikulia. Jiko la mwenye kahawa lilikuwa linafuka moshi.

Dizeli: Kaseti zangu mimi ninazo zote. Sanduku zima. Hakuna wa kuzifuta.

Vocha: Na redio ya kuzichezea?

Dizeli: Iliungua.

Vocha: Basi una sanduku la plastiki, baba.

Ilikuwa imeanza kuwa raha, na hapo ndipo kijiwe chetu huharibikiwa. Tukianza kufurahi tunasahau tulichotumwa. Tukasahau pia kwamba gari la umeme halina ngurumo, kwa hiyo aliyekaa ndani anasikia kila neno kama yuko naye kwenye benchi.

Dizeli: Mimi nawaambia, umeme ni uleule mmoja. Gari likinywa kwenye nyumba hii, taa ya jirani inafifia. Nimeona kwa macho yangu. Kimya akichomeka waya, kwangu televisheni inapungua rangi.

Waziri: Hiyo ndogo. Kuna magari yanatumia mafuta ya kukaangia. Likipita mtaani, mtaa mzima unasikia njaa. Yamepigwa marufuku huko yalikotoka kwa sababu watu walikuwa wananenepa.

Vocha: Nani kakwambia?

Waziri: Kulikuwa na faili.

Dizeli: Na yale ya maji?

Waziri: Yapo. Ila likivuja unatakiwa udeki barabara mwenyewe. Lakini mambo hayo yote si kitu. Jambo kubwa ni kwamba hili gari linaona. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hili linafunzwa na setilaiti. Kila linapokwenda linaandika, linapeleka kwa waliolitengeneza. Wanajua umesimama wapi, umekaa muda gani, umetoka na nani.

Kule kiti cha nyuma, mama mkwe akaacha kuchezea mkoba wake.

Mama Mkwe: Kila anapokwenda?

Waziri: Kila anapokwenda, mama. Hata akisimama tu kununua chumvi.

Kimya akawa anamtazama Waziri kwa macho ambayo sijawahi kuyaona usoni mwake, na huyo ni mtu mpole. Dizeli akaona amwokoe.

Dizeli: Mama, kwa upande huo usiwe na shaka kabisa. Huyu haendi popote. Betri haimruhusu.

Vocha: Na akienda lazima arudi kuchaji. Mume wa aina hiyo, mama, ni kama umemfunga ukutani kwa waya.

Dizeli: Ni mwaminifu kwa sababu ya betri.

Kimya: Jamani, mnanipigia debe au mnanipiga na debe lenyewe?

Nikawaambia wanywe kahawa wapumzishe midomo. Walikunywa, midomo haikupumzika. Waziri akawa ameshapanda mlima wake, na akipanda hashuki kwa kuitwa.

Waziri: Hapa tunacheka. Kesho ni nyumba. Hujalipia mlango, mlango haukujui, unalala kibarazani na funguo mkononi. Keshokutwa ni viatu. Unafika njia panda, kiatu cha kushoto kinasema mwisho wa kifurushi. Unarudi nyumbani unarukaruka na kimoja. Ndiyo maana mimi simu siiweki mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Vocha: Unaiweka wapi?

Waziri: Kwenye kofia.

Vocha: Kofia si nguo?

Waziri hakuwa amelifikiria hilo. Akavua kofia, akatoa simu, akaitazama, akairudisha. Kiduara ndani ya gari kilikuwa bado kinazunguka. Ndipo Kimya alipoweka kikombe chini na kusema kwa sauti ambayo haikuwa ya utani tena.

Kimya: Nyinyi mnacheka, mimi inaniuma. Sina ugomvi na gari. Ugomvi wangu ni na hao watu. Kitu ni chako, umekizoea, unakitegemea kwa kazi zako. Halafu mtu anakaa mahali peke yake, anaamua, anakibadilisha, hata hajakuita mkae chini mzungumze. Ukiuliza, unaambiwa ni kwa faida yako. Kama ni faida yangu, mbona sikuulizwa?

Dizeli: Hapo umesema.

Vocha: Mimi natetea teknolojia, lakini hapo hapana. Hiyo ni dharau.

Waziri: Dharau kabisa.

Na mimi, niliyekuwa nimejizuia muda wote, nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wao: dharau. Ilikuwa mara ya kwanza kijiwe chetu kukubaliana juu ya jambo lolote, na tukajiona watu wa maana.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mkwe akashuka polepole, akatengeneza khanga yake begani, akaja mpaka mbele ya benchi. Kimya akasimama na kuinamisha kichwa. Sote tukasimama, hata Dizeli na mgongo wake.

Mama Mkwe: Mkwe wangu, umeongea maneno mazuri. Nina swali moja dogo, na hawa wenzako wanaweza kukusaidia kulijibu. Ulipouza ile pikapu, mwanangu ulimwita mkakaa chini?

Dizeli aligeuka kutazama matairi ya dukani kama aliyeambiwa ayahesabu. Vocha akaikumbuka meza yake, lakini miguu haikuenda. Waziri akafungua kinywa kutafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akakifunga kikiwa kitupu. Mimi nilisikia aibu imenishika masikio, kwa sababu lile neno dharau nililolitoa kwa nguvu nilikuwa bado nalisikia.

Kimya: Mama, mimi nilitaka iwe...

Mama Mkwe: Faida yake.

Kimya alisimama tu anatazama ncha za viatu vyake. Nilimhurumia, na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja. Mwanamke amebeba viti vya harusi na misiba ya mtaa huu miaka yote hiyo, na sisi hapa kwenye benchi, tulipoambiwa ameondoka, tulichouliza ni gari linakwenda kasi gani.

Hapo gari likaamka. Kioo kikawaka, kikapiga kimlio cha furaha, kikaandika kwamba sasa lina mambo mapya. Hakuna aliyekwenda kuyatazama.

Kimya: Mama, naomba leo tusiende kwangu. Nyumba utaiona siku nyingine. Nikurudishe kwako, nikaongee naye.

Mama Mkwe: Ukamwambie nini?

Kimya: Sijui, mama. Nikamsikilize kwanza.

Mama mkwe akaliangalia gari kutoka mbele hadi nyuma, kama mtu anayepima kitambaa cha dukani.

Mama Mkwe: Na hiyo betri itafika?

Kimya: Kwenda itafika. Kurudi haitoshi. Itabidi niombe kuchaji hapo kwako.

Dizeli alivuta pumzi aseme kitu. Vocha akamkanyaga kidole, na kwa hilo nilimwongezea kahawa.

Mama Mkwe: Kwangu umeme unakatika, baba. Kuna wakati hauonekani siku mbili, tatu.

Kimya: Nitasubiri, mama.

Mama mkwe alimtazama. Hakutabasamu, na sidhani kama alikuwa ameamua lolote. Lakini alipolizunguka gari aliupita mlango wa nyuma, akafungua wa mbele, akakaa kando ya Kimya na mkoba wake mapajani. Kimya akafunga mkanda, akatuaga kwa mkono, na wakaondoka bila mlio wowote. Tulibaki tumesimama mpaka walipokata kona.

Waziri: Mmeona nilivyompigia debe.

Akanyoosha kikombe. Nikamwinamishia birika aone ndani mwenyewe, maana kahawa ilikuwa imekwisha.