Kidole Kitovuni

Kaeni upande mmoja wa kitanda, wanangu, nyote wawili, maana shingo yangu haina tena nguvu ya kugeuka huku na huku kutafuta ndugu wasiotazamana. Mnisikilize bila kunipangia mito wala kuniambia nitapona. Mimi ni daktari, nimeona picha za tumbo langu, na nyinyi hamjui kudanganya.

Maisha yangu yote nimetibu matumbo ya watoto wa watu. Wenzangu walichagua moyo na ubongo, viungo vya heshima; mimi nikachagua kuhara na kutapika, na baba yenu, Mungu amrehemu, akawa ananiomba niwaache wageni wamalize kula ndipo nisimulie kazi yangu. Kabla ya dawa yoyote nilisugua viganja mpaka vikapata joto, nikamwambia mtoto anionyeshe panapouma kwa kidole kimoja. Aliyeonyesha chini kulia, penye kidole tumbo, nilimkimbiza kwa mpasuaji. Aliyeonyesha kitovu nilimpima vizuri, na nisipokuta kitu, nilimuuliza nyumbani kwao nani analia.

Jana mjukuu wangu alipanda hapa kitandani. Wewe baba yake umemzungusha kwa madaktari kwa maumivu ya tumbo, vipimo vyote safi, mtoto anakua, na bado unataka apitishwe kamera tumboni. Nikasugua mikono. Akaweka kidole kitovuni. Nikamuuliza linauma lini, akatazama mlango, ambako mlikuwa mnagombea nyumba hii, wewe ukimwita dada yako mnyang'anyi, na wewe binti yangu ukimjibu kwamba alikuja kumzika baba na futi ya kupimia vyumba mfukoni.

Akaninong'oneza, "Bibi, ukifa, nani atawanyamazisha?"

Nikamfunika shuka langu, na leo nimewaita.

Nyumba ni yenu nyote. Mkishindwa kuikaa, iuzeni. Ukuta haujawahi kuumwa tumbo. Kamera hiyo muiache. Kesho mkae naye meza moja, mle, mzungumze hata habari za mvua, akiwasikia.

Na mkiniuliza mimi panaponiuma, si pale picha ilipoonyesha. Ni hapa. Kitovuni.

Leteni mikono. Binti yangu, yako ya baridi, isugue kwanza... haya, weka. Na wewe, juu ya yake. Juu yake, nimesema, si pembeni... Hivyo. Mungu awape... awape utulivu, wanangu. Msiitoe. Bado kidogo... msiitoe.