Mama Hosiana na Kontena Lililotoka Jasho

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Scolastika Mageni anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika Mgodi wa Mwanholo. Jina hilo liko kwenye mkataba wake tu. Sisi tunamjua kama Mama Hosiana, mtunza stoo ya matandiko ya farasi wa doria, na mtu pekee hapa mgodini anayeweza kukuambia kwa kunusa tu ni nani jana alirudisha hatamu bila kuikausha. Ukimwamkia asubuhi, anaitikia marahaba huku pua yake ingali kwenye ngozi.

Aliajiriwa mwaka 1998 kama fundi cherehani wa sare. Miaka kadhaa baadaye farasi waliletwa kutoka Arusha. Siku ya kwanza tu mkanda wa tumbo wa mmoja wao ukafumuka, ikaulizwa nani ana sindano nene. Alikwenda kushona mkanda mmoja, hakurudi tena kwenye cherehani. Yeye ni binti wa wafugaji wa Shinyanga vijijini. Ng'ombe anawajua mpaka bibi zao, lakini farasi alikuwa hajawahi kumtia machoni. Wanaokumbuka wanasema alimzunguka yule mnyama polepole, kisha akatangaza kwamba huyu ni ng'ombe aliyetoroka kabla hajamaliziwa, maana pembe hana na kwato hazijapasuliwa.

Mnyama huyo ndiye Diwani, farasi wetu wa kijivu. Aliitwa hivyo kwa sababu haendi mbali bila kusimama kusalimia wananchi. Mama Hosiana ameshona na kusafisha tandiko lake miaka yote hii, ila hajawahi kulikalia. Ukimuuliza kwa nini, anajibu, "Aliyeushona mkanda anajua kwamba unaweza kukatika."

Kwa wageni wetu wa leo, ni vizuri kueleza kwa nini mgodi wa dhahabu unafuga farasi. Doria yao huzunguka bwawa la topesumu, yale matope yenye sumu yanayobaki baada ya kusafisha dhahabu, ili mifugo na watoto wa vijiji jirani wasilisogelee. Kiangazi, pikipiki ingeifanya kazi hiyo bila shida. Masika, ile ardhi nyeusi ya mbuga humeza tairi mpaka kwenye injini, na hapo hakuna kinachopita ila miguu minne. Maana yake ni kwamba farasi wanahitajika zaidi wakati uleule ambao ngozi inaoza zaidi. Ukungu, ule unaoota kama manyoya juu ya viatu vilivyosahaulika uvunguni, huanza na doa dogo chini ya tandiko. Ukiuacha unakula uzi, na uzi ukiliwa mtu anaanguka.

Kwa hiyo kazi ya Mama Hosiana ilikuwa kupigana na kitu kisicho na sauti. Yeye sauti anayo. Kwa miaka mingi aliitumia kwenye kila mkutano wa wafanyakazi kulalamikia stoo ya zamani, iliyokuwa ya matofali mabichi na paa la nyasi, yenye nyufa ambamo upepo ulipita kama mwenye nyumba. "Kuku wangu wanalala pazuri kuliko tandiko la Diwani!" alikuwa akisema. Ilifika mahali Bwana Deusdedit, mkuu wa kitengo chetu, akawa anafungua mkutano kwa kusema, "Mama Hosiana, kabla hujasimama, tumekusikia."

Mwishoni mwa mwaka 2019 kontena la kuwa stoo mpya likaja, jipya na la bluu. Mama Hosiana alikata utepe, akacheza mbele ya mlango, akapiga vigelegele mwenyewe kwa kuwa wengine walichelewa. Kisha akalipenda kupita kiasi. Aliziba kila upenyo kwa matambara ili vumbi lisiingie. Alivingirisha kila tandiko kwenye nailoni. Alifunga kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye fundo la khanga yake. Farasi walikuwa wamepumzishwa baada ya chanjo, naye akaenda Shinyanga kumwoza binti yake Hosiana. Kwa maneno mengine, ufunguo ulikwenda harusini. Mvua ilinyesha tangu kitchen party mpaka siku ya kurudisha masufuria.

Aliporudi na kufungua mlango, harufu ilimpokea kama ya gunia la muhogo lililosahaulika. Kila kitu kilikuwa kimeota manyoya, meupe juu na ya kijani pembeni. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka darini. Akapanda juu ya kontena kutafuta tundu, akalikagua bati lote kwa kiganja, asipate kitu. Chini alikuwa amesimama Mwamvua, kiongozi wa wapanda farasi wetu. Mwamvua ni Mzaramo, na kwa hiyo ni mtani wake Msukuma huyu, mtu mwenye haki ya kumwambia lolote bila kukasirikiwa. Haki hiyo haijawahi kulala.

"Mtani, shuka! Unatafuta tundu la nini? Umelivisha koti la chuma, umelifunga mpaka shingoni, sasa unashangaa linatoka jasho?"

Mama Hosiana alishuka. Alifungua nailoni moja, akakuta maji upande wa ndani, unyevu uliotoka kwenye ngozi yenyewe ukakosa pa kwenda. Akafungua ya pili, hali ni ileile. Akakaa kizingitini, akatamka maneno ambayo yamebaki katika kitengo chetu: "Mvua haikuingia humu. Nimeifungia mwenyewe."

Wengi wetu, tukikutana na kosa letu, huendelea kutafuta tundu kwenye paa. Yeye alichukua dakika ya kulia, akafuta uso, akaenda kumweleza Bwana Deusdedit ukweli wote, pamoja na habari ya matambara ambayo hakuna aliyeijua.

Habari hiyo ilikuja wakati mbaya. Wiki iliyofuata uongozi wa mgodi ulikuwa uje kuamua kama farasi waendelee au wauzwe, doria ifanywe kwa pikipiki na kamera. Farasi wasio na matandiko hawana la kujitetea. Wale farasi vijana wangepata wanunuzi. Diwani alikuwa ameshazeeka, na kila mtu alijua kwamba farasi mzee asiye na mnunuzi hapelekwi mahali pazuri. Hakuna aliyelitaja neno machinjio mbele ya Mama Hosiana, naye hakuhitaji kuambiwa.

Kazi ikaanza. Kila kipande cha ngozi kilitolewa nje na kutundikwa kivulini penye upepo. Wageni wa kazi walitaka kuanika juani ili vikauke upesi, akawafukuza, kwa sababu jua kali hupasua ngozi kama midomo ya mtu mwenye homa. Ukungu ulisuguliwa kwa brashi nje kabisa, watu wamejifunga khanga puani, wasiurudishe ndani wala kuuvuta kifuani. Baadaye ngozi ilifutwa kwa kitambaa kilicholowekwa siki na maji kisha kukamuliwa, ikaachwa ikauke, ikasuguliwa kwa sabuni ya ngozi. Mwisho ilipakwa mafuta kidogo sana, maana mafuta mengi ni chakula cha ukungu.

Mafuta yenyewe aliyatengeneza papo hapo. Alichemsha miguu ya ng'ombe kwenye sufuria kubwa na kuengua yale mepesi yanayoelea. Harufu ilipofika ofisini, watu wakaja na bakuli wakidhani ni supu ya makongoro. Kila mmoja alipewa tambara na hatamu ya kusugua. Mhasibu alisugua mpaka jioni.

Likabaki kontena. Mama Hosiana alimwomba Bwana Deusdedit amlete fundi wa kuchomelea alitoboe madirisha, ya chini upande mmoja na ya juu upande wa pili, ili upepo uingie na upate pa kutokea. Bwana Deusdedit alishika kichwa. "Kontena jipya, Mama Hosiana? Hili hili ulilotusumbua nalo?"

"Hili hili, Baba. Limekuja jipya, adabu tutalifundisha sisi."

Likatobolewa na kuwekewa wavu. Likainuliwa juu ya matofali. Nyasi za ile stoo ya zamani aliyoitukana miaka yote zikapandishwa juu ya bati, ili chuma kisipoe na kutoa jasho alfajiri. Matandiko yakakaa kwenye vigogo, mbali na ukuta, yamefunikwa vitambaa vya pamba badala ya nailoni. Ndoo za mkaa mkavu wa kunyonya unyevu zikawekwa kwenye pembe. Mwamvua alilitazama kontena la bluu lenye kofia ya nyasi, akasema mtani wake hatimaye amejenga nyumba inayofanana naye.

Siku ya uongozi kuja, mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Gari lao lilizama mbugani karibu na bwawa, na pikipiki iliyotumwa kuwasaidia ikazama pembeni yake. Ikabidi Mwamvua atoke na farasi. Matandiko yalikuwa yaking'aa, kila mkanda umeshonwa upya. Kiongozi wa msafara, mtu mzito kwa cheo na kwa mwili, alipandishwa juu ya Diwani. Alilishika tandiko kwa mikono miwili mpaka getini, huku Diwani akisimama kusalimia kila aliyekutana naye, mvua ikiendelea. Mama Hosiana alikuwa mlangoni mwa stoo akiutazama mkanda wa tumbo tu, midomo ikitembea. Mkanda haukukatika. Habari ya kuuza farasi haikuzungumzwa tena.

Tangu siku hiyo stoo yetu ina sheria zake. Koti lililolowa halivuki kizingiti. Mpanda farasi harudi nyumbani mpaka tandiko lake liwe limefutwa. Asubuhi kavu, mlango uko wazi. Nao ufunguo unaning'inia kwenye msumari ofisini, hausafiri tena. Lusia, anayepokea stoo leo, amefundishwa haya yote kwa upendo na kwa kelele. Mwezi uliopita Mama Hosiana alimkuta akinusa hatamu kabla ya kuitikia salamu, akaondoka akicheka peke yake.

Tunamshukuru kwa watu waliorudi salama juu ya uzi wake, na kwa watoto wa vijijini wasiojua kamwe kwamba kuna mtu alikuwa akiwalinda kwa siki na brashi. Tunamshukuru pia kwa kutuonyesha jinsi ya kukosea mbele za watu na bado ukaimba kesho yake. Mwamvua ametangaza kwamba leo, kwa desturi ya utani, atakiteka kiti cha mstaafu na hatakiachia bila jogoo. Familia imekuja na jogoo, imejiandaa.

Kuhusu zawadi, Mama Hosiana alionya kamati mapema: chochote mtakachonipa, msinifungie kwenye nailoni. Kamati imetii. Diwani naye anastaafu leo. Uongozi umeridhia, daktari wa mifugo amekubali kuwa akimtembelea, na mtoto wa kiume wa Mama Hosiana huko nyumbani ameshatenga banda, juu kwenye ardhi ya kichanga, mbali na mbuga. Mama Hosiana, ukifika kwenye mstari huu, geuka utazame mlangoni. Diwani ni wako sasa, na hajafungiwa kwenye nailoni, amevaa tandiko lake tu.

Nenda salama, Mama. Nyumba yako ipate upepo pande zote mbili, mwili wako na ngozi yako vibaki imara, na kila mvua itakayokuja, inyeshe nje.