Mke Mwenza wa Nakala Sitini

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi wenzake marehemu, na ninyi mliokuja na magari mazuri ambao siwajui, kwa niaba ya familia nawashukuru kwa kufika, na kabla sijaanza niseme kwamba historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, naye ameiandika vizuri, kurasa mbili, ila kwa kunionea huruma ameiruka ile picha ya mwanamke mwenye kitambaa chekundu, na ninyi tangu jana mnaulizana chinichini kwa nini picha iliyompa jina haipo hapa karibu na jeneza. Ni mimi mjane niliyekataa isiletwe, kwa hiyo nimemwomba shemeji akae, nitasoma mwenyewe, na nitaitaja.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1953, mtoto wa pili kati ya watano, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la dobi, baba yake akiwa ndiye dobi na mama yake akirudishia vifungo vya mashati ya wateja, na inasemekana kitu cha kwanza alichokichora maishani ni pasi ya baba yake, aliichora ukutani kwa mkaa wa pasi hiyohiyo, akachapwa, akaichora tena, akachapwa tena, na huko ndiko kuchapa kulikoanzia. Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akaendelea na sekondari hadi 1971, ambako alifeli karibu kila somo isipokuwa kuchora, na mwalimu wa hesabu alimtoa nje ya darasa si mara moja, kwa sababu aliambiwa achore pembetatu akachora viatu vya mwalimu, tena na tundu la soli.

Mwaka 1972 alijiunga na fundi wa mabango aliyejulikana kwa jina la Mzee Brashi, akajifunza kuandika majina ya maduka, vinyozi na gereji, kisha mwaka 1979 akaenda chuo cha ufundi kusomea uchapaji wa wavu, kazi ambayo kwa msioijua ni fremu ya mbao iliyotandazwa kitambaa chembamba kama chandarua, rangi inavutwa juu yake kwa kipande cha mpira, inapenya pale inaporuhusiwa, rangi moja leo, nyingine kesho, mpaka picha ikamilike. Huko ndiko alikoangukia sanaa ya pop, akaanza kuchapa vitu vya kila siku kwa rangi za kupiga kelele, pakiti ya sabuni, kiberiti, kandambili, kopo la dawa ya viatu, na watu wakamcheka, wakasema nani atanunua picha ya sabuni wakati sabuni yenyewe ipo dukani, na haohao waliocheka ndio waliokuja kupanga foleni. Kila picha ilikuwa na idadi yake, ishirini, arobaini, sitini, anaandika namba na sahihi kwa penseli chini yake, na akishafika mwisho anaosha wavu kwa dawa, picha inayeyuka, inakwenda na maji, na baada ya hapo hata ungemlilia machozi ya damu hupati nyingine.

Tulifunga ndoa tarehe 4 Juni 1981, siku ambayo asubuhi yake wifi yangu, yule pale anayejifanya kufuta machozi, alininyoosha nywele kwa kitana cha moto akaniunguza shingoni, chini ya sikio kwa nyuma, nikaingia ukumbini nimenuna, na marehemu ndiye aliyenipaka mafuta pale mpaka pakapona, kwa sababu mwenyewe sipaoni. Tulijaliwa watoto watatu, binti yetu mkubwa mwaka 1983, kijana wetu mwaka 1985, na kitinda mimba mwaka 1990, na wote walichapwa, mara soksi, mara chupa ya maziwa, mara meno ya utoto, hadi paka wa jirani alichapwa, jamani, paka, na mimi sikuchapwa. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba mimi ananiona kila siku, nami nikamuuliza, je, sabuni unaiona mara ngapi, akatoka kwenda kazini.

Ndipo Novemba 1986 akamleta duniani yule mwenye kitambaa chekundu, amegeuka kidogo kama aliyeitwa, shingo yote nje, rangi nyekundu, njano na nyeusi, nakala sitini, na marehemu akawa mtu mkubwa. Wanawake wengine wakiletewa mke mwenza wanaletewa mmoja, wakizidi wawili, mimi niliwekewa sitini, tena kwenye fremu na vioo. Nilikwenda kung'oa jino nikamkuta ukutani kwa daktari ananitazama, nikarudi nyumbani na jino langu, nikaenda benki yupo, nikaenda kwenye harusi ya mtoto wa mwenye gereji yupo sebuleni, na siku niliposikia namba saba imenunuliwa na mtu wa ng'ambo nilipiga vigelegele jikoni peke yangu, angalau mmoja kaondoka. Kwangu hakuingia, nilimwambia marehemu siku huyo anapita mlangoni mimi natokea dirishani, na nikikutana naye kwa watu nilikuwa nageuza uso, nampita kama mtu anavyopita mbwa asiyefungwa. Sifa zake nilizisikia tu, macho hivi, mdomo hivi, na kile kidoa cheupe kisichoshika rangi chini ya sikio, ambacho bwana mwenye nyumba ya sanaa, yupo hapa, amekuwa akiwaeleza wanunuzi kwamba ni kosa dogo la uchapaji, lipo kwenye nakala zote, na ndiyo uzuri wa kazi ya mkono. Kila nilipomuuliza marehemu huyu mwanamke ni nani, jibu lilikuwa moja, ni rangi tu, mama watoto, na nikiri hapa mbele yenu, nilikuwa na wivu, nilikuwa nao asubuhi, mchana na jioni, na sijaja kuuombea radhi.

Mnamo Januari 2017 marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu, madaktari wakasema ni zile dawa za kuoshea wavu alizozivuta miaka yote, akawa wa kulazwa na kutoka, na kitandani hospitalini nilimuuliza kwa mara ya mwisho, nikamwambia sasa huna pa kukimbilia, sema, akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza, hivi wewe hiyo picha umewahi kuitazama hata siku moja? Nikaona mgonjwa huyu bado anampigia debe mwanamke wake, nikamwachia muuguzi amnyweshe chai nikaenda kukaa nje kwenye benchi. Hakuitaja tena, na Jumatatu tarehe 17 Septemba 2018, saa kumi na moja alfajiri, marehemu aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Alhamisi, tukiwa msibani, nilikuwa nimeinama, mtandio umenidondoka mabegani, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, kumbe ni wewe. Nikageuka nikamwona mama mmoja wa makamo yetu, fundi cherehani, na kabla hajajieleza nilishamjua kwa yale macho niliyosimuliwa miaka yote. Akaniambia kwamba aliwahi kusimama mlangoni pa karakana ya marehemu mara moja tu, akisubiri bango la duka lake likauke, akaombwa achorwe uso, akakubali, na picha ilipotoka alikimbia kwenda kujiona, akakuta macho yake, mdomo wake, kitambaa chake, na shingo ya mtu mwingine, maana yeye, kwa maneno yake mwenyewe, alipewa na Mungu kichwa na mabega, katikati akasahauliwa. Akasema miaka yote akipita pale benki anasimama kumtafuta mwenye ile shingo, mwanamke gani huyo aliyeshindwa kuachwa nje ya picha ya mwenzake, na hakunificha, alisema alikuwa anamwonea wivu.

Nikamwambia binti yangu anipige picha nyuma ya sikio kwa simu, nikamfuata bwana wa nyumba ya sanaa, ambaye namba kumi na mbili ilikuwa kwenye buti la gari lake tangu Jumatano akingoja nilegee, nikamwambia fungua, na kwa mara ya kwanza nikaitazama. Alama ni ileile, ndogo kama punje ya mchele, mahali palepale, mahali ambapo mwenyewe sipaoni na anayepaona ni mtu anayelala upande wa pili wa kitanda. Bwana, lile si kosa la uchapaji, lile ni kitana cha wifi yangu, na mimi miaka thelathini na miwili nimeionea wivu shingo yangu mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotuletea viti na maji, mafundi wenzake waliofunga karakana zao, na shemeji yangu kwa zile kurasa mbili, na kwa namna ya pekee yule fundi cherehani, amekaa mstari wa nyuma, dada simama wakuone, haya, inatosha, kaa.

Lakini msidhani nimepoa, kwa sababu tangu Alhamisi najiuliza, shingo tu, baba watoto? Miaka thelathini na saba ya ndoa, shingo tu, na uso je? Sasa bwana wa nyumba ya sanaa, ile picha ilete, iegemezwe hapa kichwani pa jeneza, na fundi cherehani atanisamehe, mtandio wangu huu utamfunika uso, shingo itabaki wazi mpaka tumalize kuzika. Nawe mume wangu, wavu wako umeshaoshwa, nakala yako wewe ilikuwa moja na nilikuwa nayo mimi, basi pumzika, lala salama, na huko uendako usimchore mtu mpaka nije.