Malori Kumi na Manne ya Udongo Mweusi

Ndugu waombolezaji, historia hii inasomwa na binti mkubwa wa marehemu, ambaye baba yake mkubwa, yule aliyekaa mstari wa mbele na miwani myeusi, amemwomba aifupishe na aifanye ya heshima, naye ameifupisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi viatu, akasoma shule ya msingi iliyotazamana na kituo cha mafuta hadi mwaka 1965, na mwaka 1968 akaajiriwa katika kiwanda cha mvinyo kuosha matangi, ambako kwa miaka kumi na moja aliwatazama mabwana wa makoti meupe wakimimina hamira ya paketi, sukari na unga wa kuufanya mvinyo ung'ae, kisha wakibandika kwenye chupa picha ya kilima ambacho hawakuwahi kukikanyaga.

Mwaka 1979 aliacha kazi, akanunua mteremko wa mawe ya chokaa, mji mzima ukamcheka, na tarehe 14 Juni 1980 akafunga ndoa na mshonaji, mtu pekee ambaye hakucheka, wakajaliwa watoto wawili. Katika udongo ule mkavu mizizi ililazimika kwenda chini sana, zabibu zikawa ndogo na kali, naye akaziacha zichachuke kwa chachu ya maganda yake yenyewe, bila kuongeza kitu wala kuchuja, ukapatikana mvinyo mweupe wenye wingu, wenye ladha ya jiwe lililonyeshewa, ambao wajuzi wa mjini waliukataa kwa macho kabla ya kuuonja, wakambandika jina la Bwana Ukungu.

Mei 2011, marehemu akiwa wodini baada ya upasuaji, baba mkubwa, ambaye hajawahi kupogoa hata ua, aliuonea huruma mteremko, akaumwagia malori kumi na manne ya udongo mweusi wa bondeni, akapiga na picha. Mizabibu ilinenepa majani, zabibu zikajaa maji, na kwa kuwa mvinyo usiotiwa kitu hauna pa kuficha aibu, mavuno ya 2012 yakawa siki, naye baba mkubwa, kwa macho makavu, akashauri utiwe unga wa kiwandani.

Marehemu alichukua beleshi akaukwangua udongo ule mstari kwa mstari, kwa miaka minane, mgongo ukapinda, kifua kikaharibika, hadi mavuno ya 2021 ladha iliporudi, akanywa nusu glasi, akacheka mpaka akakohoa. Alifariki tarehe 12 Aprili 2023, saa nne asubuhi, na kabla jua halijazama baba mkubwa alikuwa ameshaomba apewe mteremko ule aendeleze kazi ya mdogo wake. Jibu la familia ni hapana.

Tunamshukuru daktari wa kifua, jirani yetu mchomelea vyuma aliyelinoa beleshi lile bila kuchoka, wavunaji wenzake, na hata ninyi mliomwaga mvinyo wake kwenye vyungu vya maua na leo mnausifia. Wakati wa kutia udongo kaburini, baba mkubwa anaombwa abaki kwenye kiti chake.

Pumzika, Baba, udongo utakaokufunika tumeuchota kule juu mteremkoni, na safari hii hakuna aliyeuongezea kitu.